Mauritia haikuzama na mji wowote, tuandikieni ukweli wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe la moyoni kuhusu hii habari ya Mauritia, hilo "bara lililopotea" chini ya kisiwa cha Mauritius. Kila baada ya muda inaibuka upya kwenye magazeti na kwenye simu zetu, na kila ikiibuka inakuja imeharibika kuliko mara iliyopita. Utakuta picha ya nguzo za mawe na masanamu chini ya maji, imeandikwa wanasayansi wamegundua bara zima lililozama na watu wake na falme zake, watu wanatumiana wee mpaka inafika kwenye magrupu ya familia, na mwishowe hata gazeti linaloheshimika linaibeba hivyo hivyo na kuipa kichwa cha habari kikubwa. Mimi nafundisha jiografia sekondari, wanafunzi wananiletea hizo habari darasani wakitaka niwathibitishie, na kinachoniuma si kwamba wanadanganywa tu, ni kwamba habari ya kweli ipo, imepimwa, ni ya bahari yetu hii hii ya Hindi, na ni kubwa kuliko huo uongo.

Nianze na kilichopatikana chenyewe. Mwaka 2013 kundi la watafiti likiongozwa na Trond Torsvik wa Chuo Kikuu cha Oslo lilitoa matokeo yake kwenye jarida la Nature Geoscience. Walichukua mchanga wa fukweni Mauritius, wakauchambua, wakakuta ndani yake punje za zirkoni. Zirkoni ni madini magumu sana, punje yake mara nyingi haifiki hata milimita moja, ukiishika kwenye kidole utadhani ni vumbi tu. Sasa Mauritius ni kisiwa cha volkano, nchi yake imejengwa na lava, na lava ya zamani kabisa inayoonekana pale ina umri wa kama miaka milioni 9 hivi. Lakini zile punje zilipopimwa zikatoa umri wa kuanzia miaka milioni 660 mpaka karibu bilioni 2. Kisiwa kina miaka milioni 9, chembe iliyomo kwenye mchanga wake ina miaka karibu bilioni mbili, hapo ndo swali lote lilipoanzia, imetoka wapi?

Wanafunzi huwa wananiuliza umri kama huo mtu anaujuaje, na ni swali la haki kabisa, magazeti yetu huwa yanaliruka. Zirkoni inapoumbika ndani ya mwamba wa moto inakubali kuingiza kidogo urani, metali yenye mionzi, kwenye mwili wake, lakini risasi, yaani ile metali nzito, inaikataa. Kwa hiyo punje inazaliwa ina urani na haina risasi. Halafu urani yenyewe taratibu inageuka kuwa risasi, kwa mwendo usiobadilika, haijali baridi wala joto. Na urani iko ya aina mbili, ile ya 238 nusu yake inageuka kwa miaka bilioni 4.47, na ile ya 235 nusu yake inageuka kwa miaka milioni 704. Maana yake ndani ya punje moja kuna vipimo viwili vinavyokwenda kwa mwendo tofauti na majibu yake inabidi yakubaliane, yasipokubaliana mtafiti anajua hiyo punje imeguswa na kitu. Hakuna kubahatisha pale. Na kwa ule ugumu wake zirkoni inaweza kutoka kwenye mwamba mmoja, ikabebwa na mto, ikaingia mwamba mwingine, ikapikwa tena, na bado kule katikati yake inabaki na umri wake wa kuzaliwa.

Sasa kwa nini umri huo unathibitisha kuna bara chini na si sakafu ya kawaida tu ya bahari? Kwa sababu sakafu ya bahari haizeeki hivyo. Inazaliwa kwenye migongo ya katikati ya bahari, inasukumwa pembeni, halafu inarudi kuzama chini ya ardhi kwenye mahandaki marefu ya bahari, na ya zamani kabisa kwenye bahari kuu za leo, iko upande wa magharibi wa Pasifiki, ina kama miaka milioni 180 tu. Vitu vya miaka bilioni vinakaa kwenye mabara. Ganda la bara ni jepesi na nene, kilomita 30 mpaka 40 kwa kawaida, la bahari ni zito na jembamba, kama kilomita 7. Hivyo lava iliyopanda Mauritius ilipita kwenye kipande cha ganda la bara kilichojificha chini, ikaking'ata, ikapanda na zile punje mpaka juu. Hata vipimo vya mvutano wa dunia vinaonyesha chini ya Mauritius ganda ni nene kuliko la bahari ya kawaida.

Wapo waliotilia shaka, na walikuwa na haki. Mchanga wa ufukweni ni mchanga, unaweza kuletwa na upepo, na mawimbi, na mawe mepesi ya volkano yanayoelea, hata na meli. Ndo maana kazi ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza na sijui kwa nini magazeti hayaitaji. Mwaka 2017 Lewis Ashwal wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg, akiwa na Michael Wiedenbeck wa Potsdam na huyo huyo Torsvik, walichapisha kwenye Nature Communications kwamba safari hii hawakuchukua mchanga, walichukua mwamba wenyewe. Ni mwamba wa volkano unaoitwa trakiti, ulioganda kama miaka milioni 6 iliyopita, na ndani yake mle mle wakakuta zirkoni za miaka kati ya bilioni 2.5 na bilioni 3. Upepo haupulizi punje ikaingia katikati ya jiwe. Hoja ya mchanga wa kuletwa ikaishia hapo. Na angalieni, aliyeongoza kazi hiyo anatoka chuo cha Afrika, hilo nalo sijaliona likiandikwa kwa Kiswahili hata mara moja.

Hicho kipande ndicho walichokiita Mauritia. Sasa mniruhusu nieleze kilivyoishi, maana hapo ndipo pana utamu.

Miamba iliyozaa zile punje iliumbika enzi ambazo duniani hapakuwa na mnyama wala mti, viumbe vilikuwa vidogo vya seli moja moja basi. Miamba ya umri huo ipo Madagaska, katikati na upande wa mashariki, na ipo kusini mwa India, na ndo maana wale wa 2017 wakasema Mauritia ilikuwa ukanda uliobanwa katikati, Madagaska huku na India kule. Baadae sana, kama miaka milioni 750 iliyopita, graniti ya Shelisheli ikapanda kutoka chini ikiwa ya moto na kupoa ndani ya ardhi. Baadae tena, kati ya miaka milioni 650 na 500 hivi, vipande vikubwa vya nchi kavu vikagongana na kuungana vikawa bara moja kubwa, Gondwana, ndani yake Afrika, India, Madagaska, Antaktika, Australia na Amerika ya Kusini. Mgongano huo uliacha kovu refu linaloshuka kutoka upande wa Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania mpaka Msumbiji na Madagaska, wanajiolojia wanaliita Ukanda wa Msumbiji. Milima ya Taita, Usambara na Uluguru ni ya kovu hilo. Ukiona jiwe la kule lenye mistari myeupe na myeusi iliyojikunja, na ndani yake punje nyekundu za ganeti, unaangalia jiwe lililopikwa kilomita nyingi chini ya ardhi wakati Gondwana inaungana. Mauritia ilikuwa sehemu ya hayo mambo, mashariki kidogo tu ya hapo, haikuwa nchi ya mbali isiyotuhusu.

Gondwana ilikaa miaka mingi sana halafu ikaanza kupasuka. Kama miaka milioni 180 iliyopita lava nyingi ikamwagika kusini mwa Afrika, ile ya Karoo, na baada ya hapo Madagaska, ikiwa bado imeshikana na India na Shelisheli na Mauritia, ikang'oka kwenye pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania. Watu wengi wanadhani Madagaska ilitoka Msumbiji kwa vile ndo imetazamana nayo leo. Hapana, ilitoka kwetu huku juu, ikateleza kwenda kusini kufuata ufa ambao alama yake bado ipo chini ya Mlango wa Msumbiji, unaitwa Mgongo wa Davie, na ikasimama pale ilipo kama miaka milioni 120 iliyopita. Naomba msomaji alitulie hilo. Lile lango la bahari tunaloliona kwenye ramani kama limekuwepo tangu dunia na dunia, lilifunguliwa.

Kisha zikaja zamu za India. Kati ya miaka milioni 90 na 84 hivi India ikaanza kuachana na Madagaska, lava ikamwagika karibu kuizunguka Madagaska nzima, na Mauritia ikawa katikati ya huo ugomvi. Kilichoimaliza ni kwamba mgongo wa bahari, yaani ule ufa unaozalisha sakafu mpya, haukutulia sehemu moja. Ulifunguka hapa, ukaacha, ukaruka ukaenda kupasua pale, na kila ukiruka unakata kipande na kukiacha nyuma. Torsvik na wenzake wanaiweka hiyo kazi ya kukatakata kati ya miaka milioni 83.5 na milioni 61 iliyopita. Miaka zaidi ya milioni 20! Katikati ya muda huo dinosaria wakaisha duniani, na Mauritia bado inaendelea kuvutwa.

Ndipo na neno kuzama linapopotosha watu. Mtu akisikia bara limezama anaona usiku mmoja, tetemeko, maji yanaingia, watu wanapiga kelele. Haikuwa hivyo hata kidogo. Ganda la bara likivutwa kutoka pande mbili linafanya kama donge la unga uliokandwa, linarefuka na kuwa jembamba, na likiwa jembamba haliwezi tena kuelea juu kama mwanzo, linakaa chini, na lile tabaka la moto chini yake linapopoa linashuka zaidi. Ni mwendo wa milimita, kwa mamilioni ya miaka. Hakuna mjusi aliyekufa maji kwa sababu ya Mauritia kushuka, vizazi na vizazi vyake vilipata muda wa kuhama kabla maji hayajasogea hatua moja.

Halafu likaja la moto. Chini ya eneo hilo kuna kitovu cha joto kinachotoka ndani sana, wanakiita kitovu cha Reunion. Kama miaka milioni 66 iliyopita India ilikuwa inapita juu yake, na lava iliyomwagika ndo ile ya Deccan, mpaka leo bado inafunika kama kilomita za mraba 500,000 za magharibi ya India na sehemu nyingine unene wake unapita kilomita mbili. Muda mfupi baada ya hapo Shelisheli ikaachana na India. Ukienda Silhouette, kisiwa cha Shelisheli kilicho karibu na Mahé, mawe yake hayafanani na ya Mahé, ni ya volkano ya miaka kama milioni 63, ni alama ya kuachana kwenyewe. India ikaondoka mbio kwenda kaskazini, wakati fulani kwa mwendo wa sentimita 15 na zaidi kwa mwaka ambao kwa bara ni mbio kali, mpaka ikaigonga Asia na kuinua Himalaya. Kitovu cha moto kikabaki nyuma, na kila bamba, yaani kipande cha ganda la dunia kinachotembea, lilivyopita juu yake likaungua, kwa hiyo kuna mstari mzima wa visiwa na miinuko wenye umri unaopungua kadiri unavyoshuka kusini, Lakshadweep, Maldivi, Chagos, mwinuko wa Nazareth, kisha Mauritius, na mwisho Reunion ambako volkano ya Piton de la Fournaise inalipuka mpaka leo, mwezi Aprili 2007 shimo lake la kileleni liliporomoka mamia ya mita. Mwaka 1987 meli ya utafiti ilitoboa sakafu ya bahari kwenye mstari huo na umri wa mawe ukatoka kwa mpangilio ule ule.

Huko ndiko Mauritia ilikokwenda. Vipande vyake vikafunikwa na hiyo lava. Juu ya kimoja ndo ikajengwa Mauritius, na wale watafiti wa 2013 wanaona vingine vimetawanyika chini ya miinuko inayoelekea Shelisheli na upande wa Lakshadweep na Maldivi. Si bara moja kubwa lililolala chini kwa ukamilifu linasubiri kuibuliwa, ni vipande vipande. Kwa hiyo zile ramani zinazochora nchi kubwa ya kijani katikati ya bahari, na mito yake na milima yake, naomba msizichapishe tena.

Na mtu akitaka kuona mabaki ya bara katikati ya bahari kwa macho yake hahitaji kuzamia, aangalie Shelisheli. Mahé, Praslin, La Digue, ni graniti. Yale mawe makubwa ya mviringo pale ufukweni La Digue ambayo yapo kwenye kila kalenda ya watalii, watu wanapiga nayo picha za harusi, yale ni mwamba wa bara wa miaka milioni 750. Ukisogea karibu unaona chembe zake kwa macho, za pinki, za kijivu zinazong'aa kama kioo, na vidoa vyeusi, na juu yake mifereji iliyochimbwa na mvua ya miaka isiyohesabika. Visiwa vya katikati ya bahari kwa kawaida ni vya lava au vya matumbawe. Cha graniti kama hicho, kikiwa peke yake mbali na bara, ni kitu adimu duniani, na kipo hapa jirani.

Wanyama nao wanasema kitu hicho hicho, na hii ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Shelisheli wapo vyura wa familia yao wenyewe, wadogo, wengine hawazidi ukucha, na wapo wale wasio na miguu wanaofanana na nyungunyungu lakini ni ndugu wa chura. Chura na maji ya chumvi haviendani, kuvuka bahari kubwa kwake ni kifo. Sasa mwaka 2003 wanasayansi walitangaza chura mpya kutoka milima ya magharibi ya India, wa zambarau, pua yake imechongoka, anaishi chini ya udongo karibu mwaka mzima, na walipopima vinasaba vyake ndugu yake wa karibu kabisa akaonekana ni hao hao vyura wa Shelisheli. Bahari nzima ya Arabu imekaa katikati yao! Wao hawakuvuka, nchi ndo iliachana wakiwa juu yake. Halafu linganisha na Mauritius. Pale hakuna chura wa asili hata mmoja, na mamalia wa asili wa nchi kavu ni popo tu. Hata dodo, ndege yule aliyeangamizwa na mabaharia na wanyama waliokuja nao karne ya 17, babu zake walikuwa njiwa waliofika kwa kuruka. Kwa sababu kisiwa kilitoka baharini kikiwa lava tupu, bara lililo chini yake lilikuwa limeshafunikwa zamani na halikuwa na cha kurithisha kilicho hai. Likabaki kurithisha zirkoni tu.

Nakuja kwenye suala la watu na miji, maana najua wasomaji wanalisubiri. Binadamu wa aina yetu tuna kama miaka laki tatu duniani. Mauritia ilimaliza kukatika miaka milioni 61 iliyopita. Ukichukua umri wote wa binadamu, tangu wa kwanza mpaka wewe unayesoma, ukaurudia mara mia mbili ndo unafika pale. Hakuna aliyejenga pale, hakuna aliyelima, hakuna nyani hata. Huu mkanganyiko umetoka mbali, mwaka 1864 Mwingereza Philip Sclater alishangaa kuona wanyama jamii ya lemuri Madagaska na jamaa zao India, akapendekeza kulikuwa na nchi kavu iliyozama, akaiita Lemuria. Kwa wakati wake ilikuwa dhana ya heshima, watu walikuwa hawajajua mabara yanatembea, Alfred Wegener alikuja kulisema hilo 1912 na akapingwa miaka mingi. Lakini watu wa mambo ya mizimu wakaichukua Lemuria wakaijaza majitu na mahekalu, na hizo ndizo picha zinazobandikwa leo juu ya jina la Mauritia. Wala lemuri wenyewe hawakupita kwenye nchi iliyozama, babu zao walifika Madagaska baada ya kuwa imeshajitenga, inaaminika walielea juu ya magogo na mimea iliyong'olewa na mito ya Afrika.

Mtu anaweza kuniambia mwalimu haya ni ya zamani mno, yana faida gani kwa mtu wa leo. Yana faida mpaka ya mali. Sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa inaipa nchi haki juu ya ardhi ya chini ya bahari hata nje ya maili 200, ikiwa itathibitisha kwamba ardhi hiyo ni mwendelezo wa nchi yake. Desemba 2008 Mauritius na Shelisheli walipeleka ombi la pamoja juu ya miinuko ya Mascarene, ile ya chini ya bahari kati ya nchi hizo mbili, mwaka 2011 tume ya Umoja wa Mataifa ikawakubalia, na 2012 wakasaini mikataba ya kulisimamia eneo hilo kwa pamoja, ni kama kilomita za mraba 396,000. Nchi mbili za visiwa vidogo! Hawakupewa kwa huruma, walikwenda na vipimo vya kina cha bahari na vya miamba, wakaeleza sakafu ile imeungana vipi na nchi zao. Humo ndani kuna mwinuko wa Saya de Malha, sehemu zake nyingine hazifiki hata mita 20 kwenda chini, jua linafika, majani ya bahari yameota mpaka macho yanachoka. Kenya ilipeleka ombi lake la aina hiyo 2009, Tanzania 2012. Sasa kijana wetu atakayekwenda kututetea kwenye meza kama hizo atatoka wapi kama kila akifungua gazeti kuhusu sakafu ya bahari anakutana na majumba ya majini?

Ndugu Mhariri, sikuandika ili nikuangushie lawama peke yako, najua habari zinaingia kwa kasi na chumba cha habari kina watu wachache. Ila nina maombi na naomba yafanyiwe kazi. Habari ya jiolojia ikija, kabla haijaenda mtamboni apigiwe simu mwanajiolojia, vyuo vikuu vyetu vinao, na wengi wangefurahi kuulizwa. Umri ukitajwa useme ni umri wa nini, wa punje, wa kisiwa au wa kuachana kwa nchi, kwa sababu kwenye hii habari ya Mauritia kuna bilioni 3, milioni 83.5, milioni 61 na milioni 9, na nimeona maandishi yanayozichanganya zote kwenye sentensi moja. Picha za kuchorwa kompyuta ziandikwe wazi ni za kubuni, au zisiwekwe kabisa.

Na la mwisho, ukurasa wenu wa sayansi mngeutoa mara moja tu kwa ajili ya ramani ya Bahari ya Hindi, si ile ya kuonyesha nchi na miji mikuu, ile ya kuonyesha sakafu yake, na Mgongo wa Davie, na Saya de Malha, na Nazareth, na Chagos, na ule mstari wa kitovu cha moto kutoka Deccan mpaka Reunion, majina yote kwa Kiswahili na umri wa kila sehemu pembeni. Shule nyingi hazina ramani ya namna hiyo hata moja. Mkiichapa mimi nitaikata na kuibandika ukutani darasani siku hiyo hiyo, na najua walimu wengine watafanya hivyo hivyo.

Wenu,
Mwalimu wa jiografia, msomaji wa gazeti hili